Debe la Asali kwenye Stoo ya Petroli

Nimestaafu mwezi uliopita, na vijana wa uwanja wa ndege wameniomba niwaandikie kidogo habari za kazi. Walisema kurasa mbili zinatosha. Nadhani walisema hivyo kwa kuwa wananijua ninavyoongea. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka, maana cheo changu cha kwanza kilikuwa "wewe wa pampu", na midomoni mwa watu wa Mpanda ndicho nilichostaafu nacho.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Msione lami mnayotembelea leo mkadhani ilikuwepo. Njia ya kurukia ilikuwa ya changarawe, na kazi ya kwanza asubuhi ilikuwa kupanda baiskeli na kufukuza ng'ombe kutoka mwanzo wa uwanja hadi mwisho. Ng'ombe wakishatoka, unatazama juu. Ndege ilikuwa inakuja mara mbili tatu kwa wiki, ndogo, ya injini moja, na siku nyingine haiji kabisa na wewe umeshafukuza ng'ombe bure.

Mafuta yalikuwa yanakuja kwa mapipa, kwa treni, kupitia Kaliua. Treni yenyewe ilikuwa inafika inapotaka. Tukiyapata tunayaviringisha hadi stoo ya mabati, na hapo ndipo nilipomkuta Mzee Sikazwe.

Mzee Sikazwe alikuwa Mfipa mfupi, mkavu, aliyetoka reli akaja uwanjani na kofia yake ya reli, na hadi alipostaafu sikumwona akiivua ila siku moja tu. Ndiye aliyenifundisha kila kitu. Pipa likishasimamishwa huligusi hadi litulie, maji na uchafu vishuke chini. Unapiga pampu ya mkono, mafuta yanaingia kwenye debe, unapanda juu ya bawa la ndege na debe lako begani, unamimina kwenye tangi kupitia ngozi laini inayozuia maji. Ukimaliza unachukua fimbo ya mninga iliyochongwa alama, unaichovya tangini, unasoma alama ilipolowa.

Siku yangu ya kwanza nilimwambia, "Mzee, tangi limejaa."

"Limejaa kiasi gani?"

"Limejaa, mzee. Limejaa kujaa."

Akanitazama kwa huzuni kabisa, akanirudisha juu ya bawa na fimbo. "Mimi sitaki kujua unavyoona," alisema. "Taja namba. Huko juu hakuna mtu wa kumwomba petroli."

Kulikuwa na mizani pia, ile kubwa ya chuma ya kupimia tumbaku. Ndege ndogo haivumilii uzito, kila kitu kinapimwa: mizigo, mafuta, na watu wenyewe. Hapo nimeona mengi. Nilimpima ofisa mmoja aliyevua viatu, akavua koti, akavua na saa, kisha akaniomba nisitaje kwa sauti. Wasukuma walioshuka na ng'ombe kutoka kaskazini wao walikuwa kinyume kabisa. Mtu anataka utaje namba kwa nguvu, wakwe wasikie, na kama ni ndogo anabisha, anasema bado hajala. Mmoja alienda kula kweli, akarudi, akapanda tena.

Sasa mnielewe mimi nilitoka wapi. Mimi ni Mkonongo wa Ugalla, mtoto wa warina asali. Nimebeba madebe ya asali kutoka porini tangu nikiwa na miaka kumi. Kwetu hakuna asiyejua kwamba debe moja la asali ni kilo ishirini na nane, huna haja hata ya mizani. Na kwa kuwa abiria wengi walikuwa wanasafiri na asali, niliandika kwa chaki kwenye ukuta wa stoo, juu ya mizani: DEBE 1 = KILO 28. Nilijiona msomi. Mzee Sikazwe aliyaona maandishi, akaguna, akaondoka. Alijua ni ya asali. Hata mimi nilijua ni ya asali, siku ninaandika.

Mwaka wangu wa pili kazini, masika, alikuja Kapteni Shirima kumchukua mgonjwa. Kapteni huyu alikuwa Mchaga mrefu, mkali, mwenye mazoea ya kupima tangi mwenyewe kwa fimbo hata kama nimeshapima mbele ya macho yake. Mgonjwa alikuwa Kabula, mwanamke wa Kabungu, mimba ya kwanza, uchungu siku ya pili na mtoto amekaa vibaya. Daktari wetu alikuwa amesema apelekwe Tabora au Mwanza, kokote watakakowahi. Baba mkwe wake, Mzee Masanja, akasema Mwanza, kwa sababu ndugu wote wako huko na watatoa damu. Huyo Mzee Masanja ndiye aliyekuwa na ng'ombe wa kuuza alipie safari, kwa hiyo ikawa Mwanza.

Siku hiyo Mzee Sikazwe hakuwepo. Treni ilikuwa imeamua kufika, naye alikuwa stesheni akipokea mapipa. Uwanja ulikuwa umelowa, na mawingu yalikuwa yanapanda upande wa Ugalla, meusi. Kapteni akasimama akiangalia tope, akapiga hesabu zake kwenye kikaratasi.

"Deo," akaniita. "Hapa siwezi kuruka nikiwa mzito. Niwekee kilo mia moja na arobaini za mafuta. Siyo zaidi, siyo pungufu."

Siku zote marubani walikuwa wanataja madebe. Wakitaja kilo, Mzee Sikazwe ndiye aliyekuwa anazigeuza, kichwani, akitikisa kofia. Sasa nikawa mimi na ukuta wangu. Debe moja kilo ishirini na nane. Mia moja na arobaini, gawa kwa ishirini na nane, tano. Tano kamili, hakuna hata mabaki! Nilifurahi hesabu ilivyokubali. Nikapandisha madebe matano juu ya bawa, nikamimina, la sita nililokuwa nimeshalijaza kwa mazoea nikaliacha chini.

Huku nyuma kwenye mizani kulikuwa na kesi. Kabula alikuwa amelazwa kwenye machela, nesi amemshika mkono, anauma upindo wa khanga asipige kelele. Mzee Masanja alikuwa amekuja na begi, kuku wawili, na debe la asali la zawadi ya ndugu wa Mwanza. Alipanda mizani na vyote. Kapteni akasoma, akatikisa kichwa.

"Mzee, umezidi. Chagua. Uende wewe au iende asali."

Mzee Masanja akafikiri. Akafikiri kwa muda ambao haukumfurahisha mtu yeyote.

"Baba!" Kabula akamwita kutoka kwenye machela.

"Basi, basi," akasema mzee. "Nakwenda mimi." Akanigeukia. "Ng'wanawane, mwanangu, nitunzie asali yangu. Usiionje."

"Sitaionja, baba."

Kuku aliwaficha kwenye koti, na Kapteni akajifanya hakuwaona.

Matone ya kwanza yakaanza. Kapteni akapanda, akaniuliza kupitia dirishani, "Mia moja na arobaini?"

"Mia moja na arobaini, Kapteni."

Mshale wa mafuta wa ndege ile ulikuwa mwongo unaojulikana. Siku tangi limejaa ulikuwa unalala chini, siku tangi tupu unasimama wima. Nilimwona Kapteni akiugonga kwa kidole, akausonya. Siku hiyo moja mshale ulikuwa unasema kweli, na hakuna aliyeuamini. Mvua ilikuwa inakuja, mgonjwa analia, na fimbo ya mninga ilibaki imeegemea ukutani. Wakaruka.

Nikabaki mimi na ng'ombe waliokuwa wanarudi. Nikafunga pampu, nikafagia, nikajipa muda wa kuvuta pumzi. Mvua ilipokaribia, nikasema niingize vitu stoo. Nikashika debe la asali la Mzee Masanja mkono wa kulia, na lile debe la sita la petroli mkono wa kushoto, nikanyanyua yote kwa pamoja.

Nikaenda upande. Kidogo nianguke.

Nikayaweka chini, nikatazama debe la petroli kama lina tundu. Halina. Limejaa hadi shingoni. Nikanyanyua tena. Mkono wa kulia unavutwa ardhini, wa kushoto unacheka. Nikajiambia labda asali ya Mzee Masanja ina mawe, watu wa siku hizi hawaaminiki. Nikaweka debe la petroli kwenye mizani. Kilo kumi na nne. Nikasema mizani imekufa. Nikapanda mwenyewe, ikataja uzito wangu uleule wa siku zote. Nikapandisha asali: ishirini na nane. Nikarudisha petroli: kumi na nne.

Jamani! Nilikaa palepale juu ya mizani.

Mwaka mzima nilikuwa nimebeba madebe ya petroli, na bega langu lilikuwa linajua kwamba ni mepesi. Lilikuwa linajua kila siku. Kichwa ndicho hakikuuliza bega hata mara moja.

Nikapiga hesabu ya pili. Ndege ile ilikuwa inakula madebe matatu kwa saa. Matano niliyoweka ni saa moja na dakika arobaini. Tangini kulikuwa na mabaki ya dakika ishirini. Jumla saa mbili kamili. Na Mwanza, kwa kuzungukazunguka mawingu ya siku ile, ni saa mbili na robo. Robo saa hiyo ya mwisho Kabula angekuwa hewani na injini imezimika, pamoja na mtoto tumboni, nesi, Kapteni, Mzee Masanja na kuku wake.

Niseme ukweli wote, maana nimeshastaafu. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kufuta ukuta. Nilifuta ile chaki kwa mkono, haraka, kama mwizi. Kisha nikatazama kiganja changu cheupe, nikaona aibu ambayo sijaiona tena. Redio ilikuwa palepale mezani.

Redio zile hazikuwa simu zenu hizi. Ukiongea, wanakusikia wote: Tabora, Kigoma, misheni zote za porini, na kila mtu aliyekaa karibu na chombo na hana kazi. Nikabonyeza.

"Kapteni Shirima, Kapteni Shirima, hapa Mpanda."

"Mpanda, nakupata."

"Kapteni, huna kilo mia moja na arobaini. Una nusu yake. Nimekuwekea madebe matano, yalitakiwa kumi."

Nilisikia mvua ikianza kwenye mabati.

"Rudia, Mpanda."

"Madebe matano tu, Kapteni. Kosa ni langu. Nimehesabu petroli kwa uzito wa asali."

Sauti nisiyoijua, ya mtu wa kituo kingine kabisa, ikaingia taratibu: "Mpanda, umesema asali?"

"Ndiyo, asali!" nikapiga kelele. "Asali! Debe la asali kilo ishirini na nane, petroli kumi na nne, nimekosea mimi, Deogratias, naomba kituo kingine kikae kimya!"

Kikakaa kimya. Nadhani kilikuwa kinacheka kimebana mdomo.

"Mpanda," akasema Kapteni, na sauti yake ilikuwa tulivu kupita nilivyostahili. "Nina nusu saa tangu niruke. Naacha Mwanza, nageuka Tabora. Tabora, umesikia? Andaeni gari la wagonjwa."

Tabora wakasema wamesikia. Wakaongeza kwamba wamesikia yote.

Ile nusu saa iliyofuata sitaki kuisimulia sana. Nilisimama mlangoni, mvua inanipiga, nikimwomba Mungu na Bikira Maria na watakatifu ambao hata sikuwa na hakika kama wapo. Nilikuwa namwona Kabula anavyouma ile khanga. Redio ilipoita, nilijikwaa kwenye debe la asali kuifikia.

"Mpanda, nimetua. Mgonjwa ameshashuka. Nimebakiwa na madebe mawili na kitu. Nimepima kwa fimbo." Akarudia: "Kwa fimbo, Deo."

Nililia. Sioni haya kusema. Nililia nikiwa nimekumbatia redio ya serikali.

Nilipanda baiskeli kwenda stesheni kumweleza Mzee Sikazwe kabla hajaambiwa na wengine. Nilipofika, mkata tiketi alinisalimia, "Karibu, Asali." Habari ilikuwa imenitangulia. Mzee Sikazwe alikuwa amekaa juu ya pipa, kofia magotini. Ndiyo mara pekee niliyomwona bila kofia.

"Yule maandishi ukutani," akasema, na kwa Mfipa yule hasira ilikuwa inavuruga Kiswahili kwanza. "Niliyaona. Nilijua ni ya asali. Sikukuambia uandike asali."

"Kosa ni langu, mzee."

"Lako," akakubali. "Na kidogo langu. Twende tukapokee mapipa."

Kabula alipasuliwa Tabora jioni ileile, akapata mtoto wa kike, mzima. Baada ya siku tatu Kapteni Shirima alirudi Mpanda, naye Mzee Masanja ndani. Mimi nilikuwa nimeshakunja nguo zangu kwenye mfuko, nasubiri kufukuzwa. Kapteni akaja moja kwa moja hadi stoo.

"Nataka kujua kitu kimoja," akasema. "Ungeweza kuniambia pampu imeharibika. Ungeweza kusema pipa lilikuwa na maji. Ningegeuka vilevile. Kwa nini ulitangaza asali dunia nzima?"

Nikafikiri. "Kapteni, pampu sikuikumbuka."

Alinitazama, mdomo ukamcheza, kisha akacheka hadi akashika mlango. Alipomaliza alifuta macho, akaninyooshea kidole. "Sikucheka kule juu. Nilikuwa nazungumza na wewe huku nahesabu miti ya kutua. Usisahau hilo."

Sijasahau. Tangu siku ile hakuna rubani aliyeondoka mbele yangu bila kuchovya fimbo, awe na haraka, awe na mgonjwa, awe na waziri. Na nikiambiwa namba nauliza: kilo au lita au madebe, na ya nini? Wengine walikuwa wananiona msumbufu. Walikuwa wanafika lakini.

Mzee Masanja kwa upande wake aliulizia asali yake. Nilimwonyesha, haijaguswa. Akaizunguka, akaipigapiga ubavuni kama anayekagua ndama.

"Hii asali ndiyo imemwokoa mkwe wangu," akasema. "Ingepanda ndege, wewe ungenyanyua nini?"

"Kweli, baba."

"Basi siichukui. Ibaki hapa hapa. Kila kijana anayeanza kazi aishike mkono mmoja, na petroli mkono mwingine. Ajifunze kwa mwili."

Kapteni akasema hilo ni somo zuri kuliko lolote alilofundishwa yeye. Mzee Sikazwe akaandika ukutani kwa rangi ya mafuta, si kwa chaki: ASALI 28. PETROLI 14. Na nyie wote mnaosoma hapa mmepita pale. Siku yako ya kwanza, kabla hujagusa pampu, ulisimama katikati ya yale madebe mawili, ukanyanyua, na mimi nikakusimulia habari za Kabula.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike, maana bila hilo nisingekubali hata ukurasa mmoja.

Wiki yangu ya mwisho kazini alikuja kijana mpya, nikamsimamisha katikati ya madebe. Akanyanyua. Akasimama wima kabisa.

"Umeona tofauti?" nikamuuliza.

"Sijaona, mzee. Yako sawa."

Nikamwona mzembe. Nikamwambia apishe, nikanyanyua mwenyewe. Nilikuwa na miaka mingi sijayanyanyua, mgongo umekataa, siku hizi nilikuwa nasimulia tu. Na mimi nikasimama wima.

Nikafungua kifuniko cha asali. Nikachungulia. Nikalipandisha kwenye mizani ileile ya tumbaku, ambayo haijawahi kunidanganya. Kilo kumi na nne!

Nyie watu mmelamba nusu ya debe! Kijiko kimoja kimoja, zamu ya asubuhi, zamu ya jioni, na chai ya tangawizi, na kikohozi cha uongo. Sijui somo langu lilianza kuharibika mwaka gani. Ninachojua ni kwamba kuna vijana nimewasimamisha pale, nikawasimulia kwa uchungu kabisa, huku mikono yao inajifunza kwamba asali na petroli zina uzito mmoja. Kosa langu lilelile nililotaka kulizika, nimekuwa nikilipandikiza kwa mikono yangu. Na hakuna hata mmoja wenu aliyesema "mzee, yako sawa", hadi huyu mgeni. Wengine wote mlinijibu "ndiyo mzee, nimeona" kwa heshima. Heshima hiyo ingemwangusha Kabula.

Nilimtumia habari binti wa Kabula, yule aliyezaliwa Tabora siku ile. Ni mwalimu hapa mjini sasa, ana watoto wawili. Alikuja na asali ya Ugalla kwenye ndoo, akacheka njia nzima, kisha akamimina mwenyewe huku nasoma mizani. Ilipofika ishirini na nane akaacha. Akanyanyua madebe yote mawili, mkono huu na huu, akaenda upande, nikamdaka.

"Kumbe ni hivi," akasema. Hakucheka tena.

Kwa hiyo hayo ndiyo ninayowaachia. Fimbo ya mninga iko nyuma ya mlango. Debe limejaa, na kila Jumatatu lipandishwe mizani kabla ya kitu kingine chochote, na namba itajwe kwa sauti. Likipungua, jazeni. Na msipoteze muda kumtafuta aliyeanza kulilamba, kwa sababu kijiko cha kwanza kilikuwa changu.